Gego la Kipenga

Nimeona mengi jukwaani, lakini sijawahi kuona tarumbeta likigoma namna ile.

Jamaa alivuta pumzi, akavimbisha kifua, akapuliza. Tarumbeta likatoa sauti nusu, kisha kimya. Hewa ikamtoka puani kwa kishindo kama cha mtu anayepenga kamasi, mbele ya ukumbi mzima wa watu waliovalia vizuri.

Akaomba maji. Alipokunywa, maji nayo yakatokea puani, yakamchuruzika mpaka kwenye tai.

Nyuma kule kuna mama akasema kijana karogwa. Wapi. Hakurogwa na mtu.

Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma yake. Nilijua kilichompata, na nilijua kwa nini. Nilikuwa nimeisubiri siku ya namna hiyo kwa muda mrefu sana.

Tuanze mwanzo.

Mimi ni mpiga tarumbeta. Bendi yetu inapiga harusini, kwenye mahafali, kwenye ufunguzi wa maduka, popote tunapoitwa. Mazoezi tunafanyia kwenye stoo moja nyuma ya gereji. Sakafu ina mafuta, bati linavuja, na viti ni vya plastiki, lakini kila kiti kina mwenyewe na usije ukakikalia cha mwenzako.

Kinachogombewa ni kimoja tu, kiti cha mbele.

Anayekikalia ndiye anayeanzisha wimbo. Ndiye anayepiga peke yake wengine tukiwa tumenyamaza. Ndiye watu wanayemuuliza jina baada ya shughuli. Sisi wengine tunamuitikia tu kwa nyuma.

Mzee aliyekuwa na kiti hicho alipostaafu kwa sababu ya kifua, kiongozi wetu, ambaye wote tunamwita Mwalimu, akatangaza kwamba kitagombewa na watu wawili. Mimi na Kipenga.

Kipenga ni jina la utani, kwa jinsi anavyofikia noti za juu. Tulianza bendi pamoja. Siku ya ndoa yangu yeye ndiye aliyenisimamia, na mke wake mimi namwita shemeji kwa moyo mmoja. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nilisema akishinda yeye au nikishinda mimi, kiti kimebaki nyumbani.

Nilikuwa mjinga, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Zilipobaki kama wiki mbili, gego langu la chini likavimba. Nilivumilia mpaka shavu likawa linanitangulia mlangoni. Hapakuwa na ujanja, lilikuwa la kung'olewa.

Sasa, Mwalimu ana sheria yake moja ambayo haibadiliki. Mpiga tarumbeta akiumwa kinywa, anasindikizwa hospitali na mpiga tarumbeta mwenzake. Anasema mpiga ngoma hajui mdomo ni kitu gani. Basi Kipenga akanisindikiza.

Mimi na sindano hatuelewani. Daktari aliponichoma ganzi nikaona taa ya juu inazunguka, na nilipozinduka jino lilikuwa limeshatoka na mimi nimelazwa kwenye kitanda cha pembeni, nang'ata kipande cha shashi. Pale hakuna karatasi ya maelekezo, ni mdomo tu. Nesi aliponiona siko sawa, akamwita Kipenga mlangoni akamwelekeza yeye.

Nilimwona kwa mbali. Nesi anahesabu kwa vidole, Kipenga anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi bora.

Tulipofika nyumbani akasimama sebuleni akamkabidhi mke wangu maelekezo. Kwamba nisukutue kwa maji ya chumvi ya moto kila mara, na nisukutue kwa nguvu, mpaka damu chafu yote itoke. Kwamba ninywe kwa mrija ili kidonda kisiguswe na gilasi. Na kwamba kila jioni nipulize tarumbeta kidogo, midomo isilale.

Mke wangu akarudia yote kwa sauti asije akasahau. Kipenga akamsifu.

Kesho yake akaja na juisi. Na mirija akaileta mwenyewe, boksi zima.

Ndugu zangu, mke wangu alinihudumia. Birika halikutoka jikoni. Kila nikisukutua anaangalia kwenye sinki kama damu imetoka, na ikitoka anafurahi, anasema bora hivyo, inasafishika. Jioni nikapuliza kidogo, nikasikia kitu kimechomoka kule kwenye tundu. Nikakitema. Tukapongezana.

Maumivu yaliyokuja baada ya hapo sina namna ya kuyaeleza.

Yalianzia kwenye taya yakapanda sikioni, yakatokea utosini. Mdomo ukawa na ladha ya kitu kilichooza. Sikulala, sikukaa, nilikuwa nazunguka chumba huku nimeegemeza kichwa ukutani. Mke wangu akaninyanyua akanirudisha hospitali.

Daktari alimulika mdomoni. Akasema tundu liko tupu, mfupa unaonekana. Akauliza ile damu iliyoganda imekwenda wapi, maana ile ndiyo bandeji ya jino, na ikitoka kidonda kinabaki uchi.

Nesi akadakia kwa hasira. Akasema rafiki yangu alimwambia mara mbili. Kwamba siku ya kwanza nisisukutue kabisa, wala nisiteme teme mate. Siku inayofuata maji ya chumvi ya uvuguvugu, pole pole, yaingie na kutoka yenyewe. Chakula laini, kisiwe cha moto. Kitambaa cha baridi shavuni. Mrija marufuku. Sigara marufuku. Na kwa kuwa alijua mimi ni mtu wa tarumbeta, alimkazia kabisa kwamba nisipulize mpaka daktari aniruhusu.

"Nikamuuliza umeelewa?" nesi akasema. "Akanijibu, dada, mimi mwenyewe ni mpiga tarumbeta, nimeelewa vizuri sana."

Waliniosha tundu wakaliziba na dawa yenye harufu ya karafuu. Nafuu ilikuja, lakini ya kupuliza tarumbeta ikawa mbali.

Tulipotoka, mke wangu alisimama kwenye korido akashindwa kutembea. Alilia mpaka watu wa foleni wakageuka. Alikuwa anasema ni yeye, ni yeye aliyechemsha yale maji.

Hapo ndipo nilipomchukia Kipenga. Jino langu ningeweza kumsamehe. Lakini alichukua mikono ya mke wangu akaitumia kuniumiza, na mwenyewe akakaa kando na boksi la mirija.

Siku ya kugombea kiti ilipita nikiwa nimefungwa kitambaa shavuni. Kipenga akapiga peke yake, akashinda peke yake.

Niliporudi mazoezini alinijia, akaniwekea mkono begani. Akaniambia pole kaka, mwili una mambo yake.

Nikamwambia, "Nesi anakusalimia."

Mkono ukateleza begani. Akauliza nesi gani. Nikamwambia yule wa meno, kisha nikaenda kukaa kiti changu cha nyuma.

Sikusema zaidi ya hapo. Wala kwa Mwalimu sikupeleka. Nilijua Kipenga angesema alisahau, alichanganya, binadamu hatujakamilika. Mwalimu angetuita, angetuagizia soda mbili, tungeshikana mikono, yameisha. Mimi sikutaka yaishe kwa soda.

Nikawa mtu mwema kupita kiasi. Namsalimia wa kwanza. Namshikia mlango. Nikimpa chai anainusa. Nikipita karibu na tarumbeta lake analikagua upya. Na sikuwahi kumgusa wala kitu chake, hata mara moja. Nilimwacha ajitafune mwenyewe.

Miezi ikapita. Siku moja Mwalimu akaingia stoo uso unang'aa. Mkuu wa bendi moja kubwa, ile inayozunguka nchi na nchi, anatafuta tarumbeta moja la kuongeza. Atakuja kutusikiliza kwenye uzinduzi wa ukumbi mpya. Wote tulijua atakayesikilizwa ni nani. Kiti cha mbele.

Kipenga akanunua sanduku la safari kabisa.

Na wiki hiyo hiyo gego lake la juu likaanza.

Sijui niliwahi kuomba nini na wapi kikasikika. Alijikaza, akameza vidonge, ikashindikana. Mwalimu akatutazama sisi wawili, akaniambia mimi ndiye nitakayemsindikiza. Kipenga akasema hapana, atakwenda mwenyewe, si mtoto. Mwalimu akamjibu kwamba sheria ni sheria.

Njiani alishika shavu, akatazama nje. Mimi nikawa napiga mluzi.

Kazi yake ilikuwa ngumu. Mzizi ulivunjikia ndani, jamaa akapigana na daktari, ikabidi apewe dawa ya kumtuliza. Alitoka anayumba, anamshukuru kila mtu, akamwita mlinzi mama. Daktari akajaribu kuzungumza naye akaona anapoteza muda, akaniita mimi.

Akanieleza kwamba mizizi ya gego la juu inakaribiana na uwazi ulio ndani ya shavu, unaoungana na pua. Mzizi ulipotoka, umeacha tundu dogo kati ya kinywa na pua. Amelifunika na kulishona, na litaziba lenyewe likiachwa. Asipenge kamasi. Akipiga chafya afungue mdomo. Asisukutue kwa nguvu, asitumie mrija. Na tarumbeta asiliguse kabisa, pengine mwezi, mpaka yeye daktari amwone tena. Akipuliza, nyuzi zitakatika na tundu litafunguka.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Niliyashika maneno yale kama wimbo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na vita moyoni. Maneno ya kumwangamiza nilikuwa nayo tayari, maneno yake mwenyewe. Sukutua kwa nguvu. Kunywa kwa mrija. Puliza kidogo, midomo isilale. Yalikuwa yanawasha ulimi.

Kisha nikamtazama. Pamoja na ile dawa kichwani, alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho. Ni jicho lile lile analonitupia akinusa chai yangu.

Nikaelewa. Huyu hataamini chochote nitakachosema. Nikimwambia kulia ataenda kushoto. Basi kwa nini nijichafue kwa uongo?

Shemeji alitupokea mlangoni, akamkalisha kwenye kochi. Nikasimama katikati ya sebule yao kama yeye alivyosimama kwangu, nikawaambia yote. Neno kwa neno, sikupunguza, sikuongeza. Kamasi, chafya, mrija. Nikamalizia na tarumbeta, mwezi mzima.

Kipenga akaitoa shashi mdomoni.

"Mwezi mzima," akasema kwa taabu. "Na siku ya ukumbi atakaa nani mbele?"

"Nadhani nitakuwa mimi," nikasema.

Nikacheka. Si sana, kicheko kidogo tu cha puani. Lakini sitawadanganya, kile kicheko nilikiachia makusudi. Nilitaka kweli yangu ifanane na uongo.

Shemeji akanisindikiza mpaka getini. Akaniuliza kama niliyoyasema ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akaniambia niape, nikaapa. Akanitazama usoni, na mimi bado lile tabasamu lilikuwa halijaisha.

"Shemeji," akasema, "huyu mume wangu alikukosea nini?"

Nikamwambia amuulize mwenyewe. Nikaondoka zangu.

Siku zilizofuata mpiga ngoma wetu, ambaye ni jirani yao, akaniletea habari bila kuulizwa. Kwamba Kipenga anafanya mazoezi chumbani, tarumbeta kalijaza taulo lisisikike nje. Kwamba anasukutua kwa nguvu mpaka yeye anamsikia ukuta wa pili. Kwamba pua inampigia mluzi na anasema ni mafua.

Nikampa mpiga ngoma soda.

Mwalimu naye akaniuliza daktari alisemaje. Nikamjibu nilishamweleza Kipenga mbele ya mkewe, na mwenye kinywa ndiye anayejua kinywa chake. Akaridhika.

Basi siku ya ukumbi ikafika, na ya jukwaani nimeshawasimulia.

Nililowaficha ni hili. Alipokuwa anafuta maji kwenye tai, mkono wa Mwalimu ukiwa bado umening'inia hewani, mimi nilisimama. Sikungoja kuambiwa. Nikachukua wimbo pale pale ulipoangukia, nikaupeleka mpaka mwisho. Sijawahi kupiga vile kabla, na sijui kama nitawahi tena.

Nimpite mwenzangu bila hata kumtazama? Nilimtazama. Alikuwa ameziba pua kwa kiganja, na macho yamejaa maji. Nilisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mgeni akauliza jina langu. Kabla ya wiki kwisha akanipigia simu kunipa ile nafasi.

Nikajua hesabu imelingana. Kilichobaki ni kumwona Kipenga, kwa sababu nilitaka anione.

Nikaenda kwao siku chache kabla ya safari. Alikuwa amelazwa hospitali, wamemfanyia upasuaji wa kuliziba tundu lililofunguka, na daktari kasema asahau tarumbeta kwa muda mrefu, pengine moja kwa moja. Nyumbani nilimkuta shemeji peke yake. Lile sanduku jipya la safari lilikuwa pale sebuleni, analipakia nguo za kumpelekea mgonjwa.

Akanipa kiti. Akaniambia mumewe kamweleza yote ya jino langu, nesi, mirija, kila kitu. Kasema alistahili.

Nikafurahi. Nikamwambia basi hata yeye sasa anaelewa kwa nini mtu yule hakuniamini siku ile, maana mwizi hudhani kila mtu anamwibia.

Akaacha kukunja nguo.

"Nani kakwambia hakukuamini?"

Akaliweka kando shati alilokuwa nalo.

"Alikuamini," akasema. "Dawa ilipomtoka nilimweleza tena, akasema sawa. Akasema mtu huyu nimemtendea ubaya na hajawahi kunidanganya. Akanituma nikamwambie Mwalimu kwamba hatapiga, kiti upewe wewe. Alisema ni haki yako."

Akavuta pumzi.

"Mimi ndiye nilikataa kwenda. Nilimwambia usiwe mjinga, mimi nilikuwa naye getini, nimemwona bado anacheka. Huyo anakitaka kiti. Nikamwambia apulize. Taulo lile nililiweka mimi. Maji nilimchemshia mimi. Siku ya ukumbi alitaka kurudi mlangoni, nikamsukuma mgongoni."

Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia, kulia ningejua la kufanya.

"Nilikuuliza mimi, shemeji," akasema. "Mimi sikuwa nimekukosea kitu. Ungenijibu bila kile kicheko, ningelifungia tarumbeta kabatini na ufunguo ningekupa wewe."

Nikanyanyuka, akanifungulia mlango kwa heshima zote, akanitakia safari njema.

Sasa nawaandikia kutoka mbali, kiti ninacho, na watu wananiuliza jina. Kuhusu Kipenga sina neno, na mkitaka kunihukumu sehemu ya maoni iko wazi. Alichopanda alikivuna.

Mafunzo yangu ni mawili. La kwanza ni la jino. Ukienda kung'oa, mwombe daktari akueleze masharti yote kabla hajakuchoma ganzi, uyasikie kwa masikio yako, uyarudie mbele yake. Damu ikiganda iache ilale, usiisumbue kwa maji wala mrija, na usimwachie mtu mwingine akubebee maneno ya kinywa chako.

La pili ni la kisasi. Mimi nilimlenga mwanamume mmoja aliyemtumia mke wangu kuniumiza. Nikamtumia mke wake kumuumiza yeye, na nilipomaliza nikakuta wanawake wawili wanajilaumu kwa makosa yetu.

Mke wangu sijamwambia hadi leo. Kila akinisikia napiga, anasema anafurahi kwamba angalau mambo yaliisha vizuri.